Kabla Hujalipia Launji

Tuseme ndege yako inaondoka Dar es Salaam saa kumi jioni, nawe umewasili Terminali 3 saa saba kamili kama ulivyoagizwa. Foleni ya mizigo, uhamiaji, ukaguzi, mkanda vua, viatu vua. Ukija kupata pa kuketi ni saa nane na nusu, na saa tisa na robo wanaanza kuita watu getini. Umebakiwa na dakika 45. Hizo ndizo utakazouziwa launjini kwa dola 35 hivi, pamoja na soda, sambusa mbili na kiti cha ngozi.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, aliyekwama Addis Ababa usiku kwa muda wa saa sita. Kwake dola zile zile zinanunua bafu la maji moto, chakula cha kushiba, umeme wa simu na mahali pa kufumba jicho bila kukumbatia begi. Hiyo ni bei halali. Kwa hiyo chukua muda wote wa kusubiri, toa wa foleni, kisha igawe ile bei kwa saa zilizobaki. Kikomo changu ni dola 12 kwa saa. Maana yake, kama sina karibu saa tatu mkononi, nakaa getini na korosho zangu. Uliza pia utaruhusiwa kukaa hadi lini. Launji nyingi hutoa saa tatu tu, basi mwenye kusubiri saa sita asikimbilie kuingia mapema: aoge na kulala zile za mwisho.

Na kama kusubiri kwenyewe ni kurefu zaidi, launji isiwe wazo la kwanza. Ethiopian Airlines humpa hoteli abiria anayelazimika kukaa Addis Ababa kati ya saa 8 na 24 kwa kuwa hakuna ndege ya kumuunganisha mapema zaidi. Ulizia siku ya kukata tiketi. Nimeona watu wakilipia launji huku kitanda chao cha bure kikiwa mjini.

Uanachama wa launji wa mwaka una hesabu yake. Priority Pass, kwa bei za Marekani za hivi karibuni, ina daraja la dola 99 ambalo kila ukiingia unaongeza 35, la dola 329 lenye kuingia bure mara 10, na la 469 lisilo na idadi. Piga hesabu utaona kwamba asiyeingia angalau mara saba kwa mwaka hana sababu ya kupita daraja la kwanza. Safari ya kwenda na kurudi yenye kuunganisha ndege hukupa nafasi tatu au nne za kuingia, lakini si zote zenye muda wa kutosha. Hesabu zile utakazoketi kweli.

Kadi ya benki ndiyo njia ya wengi, na ndiyo yenye mitego. Mwaka mmoja niliingia na mke wangu. Binti wa mapokezi akapitisha kadi yangu mara mbili, akatabasamu, nami nikatabasamu. Mwezi uliofuata taarifa ya benki ilionyesha nimelipishwa kwa ajili ya mgeni. Kijitabu cha kadi kilikuwa kimeandika hivyo, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Iulize benki mambo matatu: mara ngapi bure, mgeni analipiwaje, na ni lazima nitumie kadi kwa kiasi gani ili haki hiyo isifutwe. Jibu walitume kwa barua pepe.

Tiketi ya daraja la biashara nayo isikudanganye. Qatar Airways, kwa mfano, huuza tiketi nafuu za daraja hilo zisizo na launji ndani yake. Kwa anayeruka mara nyingi daraja la kawaida, njia bora ni kukusanya maili sehemu moja hadi zikupe hadhi. Mwenye hadhi ya Gold ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, huingia launji hata akiwa kiti cha nyuma kabisa, tena na mgeni mmoja wa safari hiyo hiyo. Ukizigawa maili zako kwa Emirates kidogo, Qatar kidogo na Ethiopian kidogo, utazeeka na kadi tatu zisizofungua mlango wowote.

Lakini tuseme kweli: wengi wetu hatulipii sambusa. Tunalipia stetasi ya WhatsApp, ile picha ya kikombe na bawa la ndege nyuma ya kioo. Mwenye biashara hii alilijua hilo zamani. American Airlines ilipofungua Admirals Club kwenye uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, mlango ulikuwa wa kualikwa. Pesa peke yake haikukuingiza. Leo kadi za benki zimeuza mlango huo kwa watu wengi kiasi kwamba Marekani foleni ya launji hutoka hadi nje. Delta ililazimika kuweka kipimo: tangu Februari 2025 mwenye kadi yake ya American Express Reserve anaingia mara 15 kwa mwaka, labda awe anatumia dola 75,000 kwenye kadi hiyo. Umaalumu ukishauzwa hivyo, kilichobaki ndani ni kiti, bafu na chakula. Vipime hivyo tu. Jaribio langu ni rahisi: najiuliza kama ningeingia simu ikiwa imezima. Mara nyingine jibu ni ndiyo, hasa nikiwa na mtoto mwenye homa au kazi ya kuwasilisha asubuhi, na hapo nalipa bila kujuta.

Ukishaingia, muulize mhudumu geti lako liko mwendo wa dakika ngapi, kisha kaa ukiiona skrini. Launji nyingi hazitangazi safari, na kile kiti cha ngozi kimeshawaachisha watu ndege.