MAUMIVU YA KIWIKO YASIYOISHA: JINSI YA KURUDI KAZINI NA MICHEZONI

Kuna maumivu ya kiwiko yanayoanza kidogo kidogo, bila kuanguka wala kugongwa. Huuma upande wa nje, na huzidi ukinyanyua jerikeni, ukikamua nguo, ukishika jembe au hata ukimpa mtu mkono. Wengine hukaa nayo miezi mingi, wakaacha mpira wa wavu au wakakosa vibarua. Mkono huo unaweza kupona.

Kwa nini kiwiko kinauma?

Misuli inayonyanyua kiganja imeshikizwa na kano kwenye mfupa wa nje wa kiwiko. Kila unaposhika kitu kwa nguvu, kano hiyo hufanya kazi. Ikizidishiwa kazi siku baada ya siku, hudhoofika. Madaktari huuita ugonjwa huu "kiwiko cha tenisi", lakini wengi wanaoupata hawajawahi kucheza tenisi. Kano hupona polepole. Wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka 1, kwa hiyo usikate tamaa.

Makosa mawili

La kwanza ni kuendelea na kazi ileile kwa nguvu ileile. La pili ni kuacha kabisa kuutumia mkono. Kano isiyofanya kazi hudhoofika zaidi, ndiyo maana maumivu hurudi mara tu unaposhika jembe tena. Punguza mzigo kwanza, kisha uongeze polepole.

Punguza mzigo

- Jaza jerikeni nusu, au chukua mbili ndogo badala ya moja kubwa.
- Nyanyua vitu kiganja kikitazama juu, karibu na mwili.
- Zungushia kitambaa mpini wa jembe ili usiukaze sana mkono.
- Usikamue nguo kwa kuzisokota. Ning'iniza zichuruzike maji.

Mazoezi

Tafuta chupa ya maji ya nusu lita. Kaa, laza mkono juu ya paja au meza, kiganja kikitazama chini na kikining'inia nje ya ukingo.

1. Shika chupa yenye maji nusu. Weka kiganja sawa bila kukisogeza kwa sekunde 30. Pumzika, rudia mara 5. Fanya kila siku kwa wiki 2.
2. Nyanyua kiganja kwa msaada wa mkono mzima, kisha kishushe polepole ukihesabu hadi 5. Fanya mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko 3. Fanya siku moja, pumzika siku moja.
3. Hatua ya 2 ikiwa nyepesi, jaza chupa. Baadaye weka mchanga, kwa kuwa ni mzito kuliko maji.

Pima maumivu kwa namba: 0 hayapo, 10 hayavumiliki. Yakiwa 3 au chini, na kesho yake asubuhi hayajazidi, endelea. Yakipita hapo, rudi hatua moja nyuma.

Kurudi kazini na michezoni

Ukiweza kukunja ngumi kwa nguvu na kunyanyua chupa ya mchanga bila shida, anza kulima dakika 15, kisha ongeza kila wiki. Mchezaji wa wavu aanze na pasi nyepesi. Kupiga kwa nguvu kuje mwisho. Usiache mazoezi mara tu maumivu yanapokwisha.

Tahadhari

Usichanjwe kwa wembe; jeraha linaweza kuingiza vijidudu. Sindano ya steroidi huleta nafuu kwa wiki chache, lakini baada ya miezi kadhaa maumivu hurudi zaidi kwa waliochomwa kuliko kwa wasiochomwa. Mama mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo wasimeze ibuprofeni bila kumwuliza mganga.

Nenda kituo cha afya upesi ukiona:

- kiwiko kimevimba, ni chekundu au kina joto, au una homa;
- vidole vina ganzi au vimekosa nguvu;
- kiwiko hakinyooki baada ya kuanguka;
- hakuna nafuu baada ya wiki 6 za mazoezi.

Ukihitaji kuonyeshwa mazoezi haya, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako.