Injini Inapozimika Juu ya Miteremko ya Kilimanjaro

Watu wengi hudhani kwamba ndege ndogo ikizimika injini huanguka papo hapo kama jiwe. Dhana hiyo si sahihi. Kinachoishikilia ndege angani ni mabawa yake, nayo hufanya kazi maadamu hewa inayapita kwa kasi ya kutosha. Kazi ya injini ni kuleta kasi hiyo. Injini ikinyamaza, uzito wa ndege wenyewe waweza kuileta, mradi ndege ikubali kushuka. Kwa hiyo rubani aliyepoteza injini amebakiwa na akiba moja, nayo ni kimo.

Katika nchi ya milima akiba hiyo hudanganya. Mwaka 1930, rubani wa Uswisi Walter Mittelholzer alipopiga picha za Kibo kutoka angani, ndege yake ilikuwa na injini tatu. Ndege ya binafsi kwa kawaida ina injini moja tu. Tena hewa ya juu ni nyepesi, hata Cessna 172 ya kawaida hufikia ukomo wa kupanda kwenye mita 4,000 na ushei, chini sana ya kilele cha mita 5,895. Ndege kama hiyo haiwezi kuuruka mlima. Hupita kandokando yake, juu ya migomba, kahawa na makorongo.

Hesabu ya kimo

Cessna 172 iliyozimika injini, ikiendeshwa kwa kasi ya kiasi cha kilometa 120 kwa saa, husonga mbele karibu mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka. Ichukuliwe kwamba iko juu ya vihamba vya Kibosho, mahali ambapo ardhi ina mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kipimo cha kimo chaonyesha mita 1,900. Rubani asiyefikiri aweza kujiona tajiri, kumbe chini yake pana mita 400 tu. Zitakwisha kwa muda usiofika dakika mbili.

Juu ya uwanda tambarare, mita hizo 400 zingemfikisha kilometa 3.6. Lakini mteremko huo, tuseme, hushuka mita 1 kwa kila mita 20. Akielekea chini, upande wa mji wa Moshi, ardhi nayo inamkimbia, naye atafika karibu kilometa 6 na nusu. Akielekea juu, ardhi inampandia, naye ataigusa baada ya kilometa 2 na nusu hivi. Ndege ni ile ile na kimo ni kile kile; uamuzi wa kuelekea wapi ndio uliotofautisha. Hapo upepo haukuhesabiwa, wala kimo kinachopotea katika kugeuka.

Kwa sababu hiyo, rubani mwenye busara huruka sambamba na mlima, huku uwanda wa kusini ukiwa wazi ubavuni mwake. Ikitokea shida, kona ndogo tu yamtosha kuupa mlima kisogo.

Hatua kwa utaratibu wake

Kwanza ni kasi. Pua ya ndege iteremshwe mara moja, mpaka ipatikane kasi ya kuteleza hewani iliyoandikwa katika kitabu cha ndege hiyo. Rubani anayevuta usukani ili asishuke huyanyima mabawa hewa, na hapo ndipo ndege huanguka kweli.

Pili ni mahali pa kutua. Lichaguliwe shamba tupu au mbuga iliyo wazi, mbali na watu na nyaya za umeme, na ikiwezekana kutua kuwe dhidi ya upepo.

Tatu ni kutafuta chanzo: joto la kabureta lifunguliwe, tangi la mafuta libadilishwe, mchanganyiko wa mafuta na hewa urekebishwe, swichi za magneto zikaguliwe.

Nne ni redio. Neno "Mayday" hutamkwa mara tatu, likifuatwa na jina la ndege, mahali ilipo na nia ya rubani.

Kabla ya kugusa ardhi, mafuta na magneto zifungwe, mikanda ikazwe, na milango iachwe wazi kidogo isije ikakwama. Injini ikizimika mara tu baada ya kuruka, rubani atue mbele yake. Kona kali ya kurudi uwanjani katika kimo kidogo imeua marubani wengi duniani.

Barafu katika hewa ya joto

Adui mmoja anafaa kutajwa peke yake, kwa kuwa hafikiriwi katika nchi za joto. Ndani ya kabureta petroli hugeuka mvuke na hewa hupanuka. Mambo hayo mawili huishusha joto kwa nyuzi 20 au zaidi. Siku yenye unyevu mwingi, kama zilivyo nyingi katika miteremko ya kusini wakati wa masika, barafu yaweza kuganda humo hata nje kukiwa na nyuzi 20 za Selsiasi.

Dalili yake ni mizunguko ya rafadha kupungua polepole bila sababu. Joto la kabureta likifunguliwa, injini huweza kukohoa zaidi kwa muda, kwa kuwa inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Asiyejua hulifunga upesi, na hivyo huirudisha hatari. Joto hilo hutoka kwenye bomba la moshi. Injini ikisha kuzimika na kupoa, halipo tena. Dawa hutolewa mapema au haitolewi kabisa.

Na dawa iliyo bora zaidi hupatikana chini: kukinga petroli kidogo kutoka kila tangi katika chupa safi kabla ya kuruka, na kuitazama. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya chupa. Tone linaloonekana pale kiwanjani Moshi halitaizima injini juu ya Kibosho.