Somo la 31: Paka na ndagala

Watoto, katika nyumba nyingi za kwetu kuna paka. Kazi yake yajulikana: hulinda unga, karanga na mahindi ya mbegu, panya wasiviharibu. Wazee husema: Paka akiondoka, panya hutawala. Lakini watu wengi husema pia: «Mbwa hufundishika, paka hafundishiki. Ukimwita haji, ukimkataza hasikii.» Basi hawamfundishi neno lolote, ila humtupia fimbo. Paka naye hukimbia, hulala porini, na siku moja harudi tena. Wanaobaki nyumbani ni panya.

Neno hilo si kweli. Paka hufundishika. Katika somo hili mtaona namna ya kumfundisha mambo matatu: kuja akiitwa, kuketi, na kuingia katika kitunga. Fimbo haihitajiwi. Zahitajiwa ndagala chache na uvumilivu.

1. Paka ndani ya sanduku

Zamani kidogo, huko Marekani, palikuwa na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Columbia, katika mji wa New York. Jina lake Edward Thorndike. Alitaka kujua wanyama hujifunza namna gani. Akatengeneza masanduku ya vipande vya mbao, yenye nafasi kati ya ubao na ubao. Ndani ya sanduku aliweka kamba au kijiti: paka akivuta kamba au akisukuma kijiti, mlango hufunguka. Kisha alimtia paka mwenye njaa ndani, na nje aliweka kipande cha samaki.

Paka alifanya nini? Alikwaruza, aliuma mbao, alijaribu kupenya. Mwishowe, bila kukusudia, aligusa kamba. Mlango ukafunguka, akatoka, akala samaki. Thorndike akamrudisha ndani, mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Kila mara alihesabu muda. Paka mmoja alikaa sekunde 160 mara ya kwanza. Baada ya kurudia mara nyingi, alitoka kabla ya sekunde 10 kwisha. Alikuwa ameacha kukwaruza na kuuma. Alikwenda moja kwa moja penye kamba.

Thorndike aliandika habari hizo katika mwaka 1898. Alichoonyesha ni hiki: Kitendo kinachofuatwa na jambo jema hurudiwa, kitendo kisichofuatwa na jambo jema huachwa. Shikeni neno hili vizuri, kwa maana somo lote lakaa juu yake.

2. Paka hujifunza kila siku

Wengine hufikiri: «Mimi sijamfundisha paka wangu kitu.» Sivyo. Paka hujifunza kila siku kwa yale tunayomtendea, hata kama sisi hatukukusudia. Tazameni mifano miwili.

Mfano wa kwanza. Jioni watu wanakula bukari na samaki. Paka analia, nyau, nyau, bila kuchoka. Mtoto anachukizwa na kelele, anamtupia kichwa cha samaki ili anyamaze. Paka ananyamaza. Je, amejifunza kunyamaza? La. Alilia, akapata samaki. Amejifunza kulia. Kesho atalia zaidi, na mtoto ndiye aliyemfundisha.

Mfano wa pili. Asubuhi paka ameiba samaki jikoni. Saa sita mchana mtoto anamwita: «Njoo, njoo!» Paka anakuja. Mtoto anamkamata na kumpiga. Mtoto anafikiri amemwadhibu mwizi. Lakini paka hawezi kuunganisha kipigo cha saa sita na samaki wa asubuhi. Kitendo chake cha mwisho kilikuwa nini? Aliitwa, akaja. Basi amejifunza kwamba kuja akiitwa kwaleta maumivu. Siku nyingine akiitwa, atakimbia. Na wizi hataacha, kwa sababu alipoiba alipata chakula. Mwenye akili humfunika samaki wake kwa sufuria, wala hampigi paka.

3. Vitu vya kutayarisha

Kwanza, zawadi. Ndagala zilizokaushwa zafaa sana, nazo huuzwa katika masoko ya Uvira, Kalemie na Moba, na mbali zaidi na ziwa. Chagua zisizotiwa chumvi. Zipanguse mchanga, kwa maana nyingi hukaushwa juu ya mchanga wa pwani. Ndagala moja uivunje vipande vinne au vitano. Kipande kiwe kidogo kama punje ya mhindi. Paka akipata kipande kikubwa, atashiba upesi, na somo litakwisha.

Usimpe sukari. Katika mwaka 2005 wataalamu walionyesha kwamba ulimi wa paka hauwezi kuonja utamu wa sukari. Kwetu ni zawadi, kwake si kitu. Usimpe mchuzi wenye vitunguu, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya paka. Hata maziwa, ambayo watu husema ndiyo chakula cha paka, huwaharisha paka wengi wakubwa.

Pili, wakati. Fundisha kabla ya chakula chake cha jioni, akiwa na njaa kidogo. Lakini usimshindishe na njaa ili ajifunze. Huo ni ukatili, na paka mwenye njaa kali hasikilizi, hunyakua tu. Somo moja lisizidi dakika tano.

Tatu, alama. Piga ulimi juu ya kaakaa: ko! Kisha mpe kipande mara moja. Rudia mara kumi. Sasa paka akisikia ko, anajua kwamba chakula chaja. Sauti hiyo ni ya lazima, kwa sababu mkono huchelewa. Kitendo cha paka hupita upesi. Ukianza kutafuta ndagala mfukoni, yeye ameisha kufanya jambo lingine, na zawadi itaangukia jambo hilo. Lakini ulimi hauchelewi. Piga ko wakati uleule wa kitendo, kisha toa chakula.

4. Kuja akiitwa

Mpe paka wako jina fupi. Tuseme anaitwa Shaba. Paka hujua jina lake: katika mwaka 2019 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba paka wa nyumbani wakisikia maneno mengine, kisha wakasikia jina lao, hugeuza masikio au kichwa. Lakini kujua jina si kuja. Kuja lazima kufundishwe.

Chuchumaa hatua moja mbele yake. Sema: «Shaba!» mara moja tu, kwa sauti ya upole. Akikuelekea, piga ko, umpe kipande karibu na miguu yako. Akija vema mara tano, rudi nyuma hatua mbili. Kesho hatua nne. Kesho kutwa uwe mlangoni naye awe ndani; baadaye uwe uani naye awe nyuma ya nyumba. Asipokuja, usipige kelele na usirudierudie jina. Karibia tena, uanze penye umbali aliouweza.

Jina hilo usilitumie kamwe kwa kumkemea. Ukitaka kumtoa mahali, nenda umwondoe mwenyewe. Jina la paka liwe mlango wa mambo mema tu. Hapo siku ya mvua kubwa, au siku ya kuhama, utamwita naye atakuja.

5. Kuketi

Shika kipande kati ya vidole viwili, mbele ya pua ya paka. Kisha kipeleke polepole juu ya kichwa chake, kuelekea mgongoni. Paka atainua macho kukifuata, na kwa kuinua kichwa, sehemu ya nyuma itashuka chini. Makalio yakigusa tu ardhi, ko! Mpe kipande.

Ukiinua mkono juu sana, atasimama kwa miguu ya nyuma au atakukwaruza. Si kosa lake, shusha mkono. Usimsukume mgongo ili aketi. Paka akisukumwa husukuma naye, na hajifunzi kitu.

Akiisha kuketi vizuri mara nyingi, sema «Keti» kabla ya kusogeza mkono. Baada ya siku chache, sogeza mkono mtupu, na zawadi itoke mkono wa pili. Mwishowe neno peke yake litatosha. Hapo yule aliyekuwa akilia wakati wa kula ataweza kufundishwa kuketi pembeni. Akiketi kimya, mpe kidogo mwisho wa chakula. Akilia, asipate kitu, wala kwa baba, wala kwa mama, wala kwa mtoto mdogo. Mtu mmoja akivunja sheria, paka atarudi kulia.

6. Kuingia katika kitunga

Hili ndilo jambo la faida kubwa. Paka aweza kupata ugonjwa wa kichaa cha mbwa na kumwambukiza mtu kwa kumuuma. Mtu akiisha kuonyesha dalili za ugonjwa huo, karibu kila mara hufa. Lakini kuna chanjo ya kuwakinga wanyama. Siku wachanjaji wanapokuja, watu hukimbiza paka uani kote, wanamkamata kwa nguvu, naye anauma na kukwaruza. Wengi hukata tamaa, wanamwacha bila chanjo. Paka anayeingia kitungani mwenyewe hupelekwa kwa amani.

Twaa kitunga chenye mfuniko. Siku ya kwanza kiweke wazi, tupa vipande karibu nacho. Siku ya pili weka kipande mlangoni mwake. Siku ya tatu weka ndani kabisa. Akiingia, ko! Mpe kingine akiwa bado ndani, na umwache atoke akitaka. Siku zinazofuata funika kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, kisha kumi, kisha hamsini. Halafu inua kitunga, tembea hatua chache, weka chini, fungua, mpe. Akiogopa siku moja, rudi kwenye kazi ya siku iliyotangulia.

Na kama paka au mbwa yeyote amekuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika kumi na tano, kisha nenda dispanseri siku ileile. Usifiche kwa kuogopa wazazi. Usingoje kuona kama kidonda kitapona.

7. Sheria za mwalimu wa paka

Usifundishe paka anayelala, anayekula, au anayenyonyesha watoto. Akipigapiga mkia, akilaza masikio au akienda zake, somo limekwisha, usimkamate. Fundisha jambo moja kwanza, la pili lingoje. Maliza kwa kitendo anachokijua, apate zawadi ya mwisho. Akiisha kujua vizuri, usimpe zawadi kila mara: mara mpe, mara umsifu tu na kumkuna shingo. Na ukiona hajifunzi, usiseme: «Paka huyu mjinga.» Jiulize: Je, ko yangu ilichelewa? Je, hatua yangu ilikuwa ndefu mno? Je, jana alipokuja nilimtendea nini?

Mwenye fimbo na mwenye ndagala wote wawili hufundisha. Yule wa kwanza hufundisha paka kukimbia.

Maulizo

1. Kwa nini paka wa Thorndike alitoka upesi zaidi baada ya kurudia mara nyingi?
2. Mtoto aliyempiga paka saa sita alimfundisha nini? Kwa nini wizi haukuachwa?
3. Kwa nini zawadi ya sukari haimfai paka?
4. Sauti ya ko ina kazi gani? Yapasa kupigwa wakati gani?
5. Ufanye nini mara moja ukiumwa na paka au mbwa?

Kazi ya nyumbani

Angalia paka wa nyumbani kwenu, au wa jirani, muda wa siku tatu. Andika katika daftari mambo mawili anayoyafanya kila siku. Kwa kila jambo, tafuta ni nani aliyemfundisha, na kwa zawadi gani.