Hogo limetoka, mbona mguu haukunjiki?

SWALI: Mimi ni mama lishe, naishi Mbagala. Nilivunjika mfupa wa muundi nikiwa abiria wa bodaboda, nikafungwa hogo kuanzia pajani hadi vidoleni kwa wiki kumi. Wiki mbili zilizopita liliondolewa. Daktari alisema picha inaonyesha mfupa umeunga, nianze kuukanyagia mguu kidogo kidogo. Lakini mguu umekonda, goti na kifundo vimekakamaa, na jioni unavimba. Mama mkwe anasema nisiusumbue mpaka upone kabisa. Jirani anataka anipeleke kwa mchuaji aukunje kwa nguvu. Nimsikilize nani?

JIBU: Pole sana, mama. Msikilize daktari wako. Mama mkwe na jirani wanakutakia mema, ila kila mmoja amekosea upande wake.

Hogo lilikuwa na kazi moja: kutuliza mfupa usichezecheze mpaka uungane. Kazi hiyo limeifanya. Lakini muda wote huo misuli ya paja na ya shavu la mguu ililala, na msuli usiotumika huanza kusinyaa mapema, ndani ya siku chache tu. Goti na kifundo visipokunjwa, nyama zinazovizunguka hukaza. Nalo shavu la mguu ndilo pampu inayosukuma damu irudi juu. Likiwa dhaifu, maji hutuama chini, na jioni mguu unavimba. Mfupa wenyewe pia unahitaji kazi. Tangu mwaka 1892 daktari bingwa wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ukiungoja upate nguvu ndipo uukanyagie, utangoja sana.

Kwa mchuaji usiende. Mfupa ulioungana karibuni haustahimili kukunjwa kwa nguvu za mtu mwingine. Tena, kama kuna damu iliyoganda kwenye shavu la mguu, kuchuliwa kunaweza kuing'oa ikakimbilia kwenye mapafu, na hiyo ni hatari ya kifo.

Anza kitandani, asubuhi, mchana na jioni. Nyoosha mguu, vuta unyayo ukuelekee, kisha uusukume mbele, mara ishirini. Kunja kanga iwe kitita, iweke chini ya goti, uikandamize kwa goti huku ukihesabu hadi tano, mara kumi. Weka kiganja juu ya paja: ukihisi msuli unajikaza, hata kama ni kidogo, ujue umeamka. Kisha burura kisigino taratibu kuelekea makalio, goti likunjike hadi pale linapokaza, tulia kidogo, rudisha.

Ukizoea, hamia kwenye kiti. Keti kwenye kiti kirefu, simama, keti tena, mara kumi, ukiwa karibu na meza ya kushikilia. Mguu mzima utataka kubeba kila kitu. Usiuachie, mgawie na mwenzake kiasi alichoruhusu daktari. Zikipita siku kadhaa bila shida, shuka kwenye stuli, na baadaye kabisa kigoda.

Sasa suala la maumivu, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kuvutika na kuuma kidogo wakati wa zoezi ni kawaida. Kipimo chako ni kesho yake asubuhi. Ukiamka maumivu yametulia, endelea. Ukiamka mguu unauma au umevimba kuliko jana, punguza nusu, lakini usiache.

Ukifika hatua ya gongo moja, lishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Ngazi panda kwa kutanguliza mguu mzima, shuka kwa kutanguliza ule ulioumia. Usiku uinue mguu juu ya mto. Chakula usikidharau: maharage, dagaa, mayai na maziwa ndivyo vinavyojenga msuli na mfupa.

Wahi hospitali bila kungoja kliniki endapo shavu la mguu litavimba ghafla, likawa la moto na kuuma. Endapo utabanwa kifua au pumzi. Endapo utapata homa. Au maumivu pale pale palipovunjika yakizidi kila siku, au mguu ukianza kupinda.

Omba pia barua ya rufaa uende kitengo cha fiziotherapia. Hata kama nauli inakubana, nenda mara chache ufundishwe na kukaguliwa, mengine utayafanya nyumbani.

Usijipe wiki mbili, mama. Jipe miezi. Na usijipime kwa unene wa mguu, maana huo hurudi polepole na utakuvunja moyo. Jipime kwa kazi yako: leo umeinuka kutoka kwenye kiti kirefu, mwezi ujao kwenye stuli. Siku utakapokaa kwenye kigoda chako ukachochea moto, kisha ukainuka na sufuria ya wali bila kutafuta pa kushika, siku hiyo ndiyo utakuwa umepona.