Kufuta, Kuondoa na Kurejesha: Tatizo la Istilahi katika Uandishi wa Mwongozo wa Programu ya MediaWiki

1.0 Utangulizi

Mwongozo wa matumizi ya programu ya kompyuta ni matini ya kiufundi ambayo msomaji huisoma huku mkono wake ukiwa kazini. Neno moja likikosewa, kosa halibaki katika sentensi bali huhamia katika kitendo. Makala hii inachunguza tatizo hilo kwa kutumia zana ya kurejesha kurasa zilizofutwa, ambayo ni sehemu ya programu ya MediaWiki inayoendesha kamusi elezo ya Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Hoja ya msingi ni kwamba kitenzi futa, kinapotumiwa bila ufafanuzi, humpotosha mtumiaji kuhusu jambo linalotendeka hasa.

2.0 Utendaji wa Zana

Mkabidhi, yaani mtumiaji aliyepewa madaraka ya usimamizi, anapofuta ukurasa, programu haiangamizi maandishi. Taarifa za matoleo yote ya ukurasa huo huhamishwa kutoka jedwali la matoleo yaliyo hai hadi jedwali la ghala katika hifadhidata. Maandishi yenyewe hubaki, ila msomaji wa kawaida hawezi tena kuyaona. Tendo hilo huandikwa katika kumbukumbu za ufutaji.

Urejeshaji hufuata hatua zifuatazo:
(i) Mkabidhi hufungua ukurasa maalumu wa urejeshaji na kuandika jina la ukurasa unaotafutwa.
(ii) Huyasoma matoleo yaliyo ghalani na kuyachagua yanayofaa. Asipochagua lolote, yote hurejeshwa.
(iii) Huandika sababu, kisha huthibitisha.

Iwapo ukurasa mwingine wenye jina lilelile umekwisha kuundwa, matoleo yaliyorejeshwa huunganishwa na historia ya ukurasa huo mpya. Aidha, msimamizi wa seva anaweza kuisafisha ghala, na baada ya hapo zana hii haina la kurejesha. Kwa hiyo matini huweza kuwa katika hali tatu: iliyo wazi, iliyofichwa ghalani, na iliyoangamizwa.

3.0 Ushahidi wa Mofolojia

Kiswahili kina kauli ya kutendua, kama inavyodhihirika katika jozi hizi: funga/fungua, kunja/kunjua, panga/pangua, tega/tegua, ziba/zibua. Katika kila jozi kitu kinachotendwa hudumu. Mlango uliofungwa ungali mlango, na nguo iliyokunjwa ingali nguo. Kinachotenguliwa ni hali tu. Kinyume chake, vitenzi kama ua, chinja na haribu havina kinyambuo cha namna hiyo. Ni kweli kwamba kauli hii haina uzalishi mkubwa, na kukosekana kwa kinyambuo pekee si ithibati. Hata hivyo, mwelekeo wa maana uko wazi: tendo linaloondoa uhai au uzima wa kitu halitenduliwi.

Futa kimo katika kundi hili la pili. Umbo futua halitumiki kama kinyume chake. Anayefuta ubao haachi maandishi ya kufunuliwa baadaye. Kwa hiyo msomaji anayeambiwa kwamba ukurasa umefutwa ana haki ya kuamini kuwa umetoweka. Imani hiyo ina madhara mawili. Kwanza, mwandishi ambaye makala yake imefutwa kimakosa hukata tamaa na kuiandika upya, ilhali angeweza kuomba irejeshwe. Pili, mtu ambaye siri zake zilichapishwa hudhani zimeangamizwa, kumbe wenye madaraka bado wanaweza kuzisoma.

4.0 Mapendekezo ya Istilahi

Lugha yenyewe inatoa suluhisho. Kwa hatua ya kwanza inafaa ondoa, kwa kuwa kilichoondolewa mahali kinaweza kuwa kipo pengine. Kwa kuangamiza kabisa inafaa futilia mbali, msemo ambao tayari una maana ya ukamilifu. Kwa hatua ya kurudisha, rejesha inafaa zaidi kuliko fufua, kwa sababu fufua hudokeza kifo ambacho hakikutokea. Rudisha inaeleweka, lakini hutumika pia kwa maana ya kukataa kitu na kukipeleka kilikotoka. Tendua nayo imekwisha kuzoeleka katika programu mbalimbali kwa maana ya kubatilisha hatua ya mwisho, hivyo ingezua utata.

Sintaksia nayo haina budi kuzingatiwa. Linganisha:
(a) Ukurasa uliofutwa utarejeshwa.
(b) Mkabidhi anaweza kurejesha ukurasa ulioondolewa, maadamu matoleo yake yangali ghalani.

Sentensi (a) ni fupi, lakini kauli yake ya kutendwa humficha mtenda, na wakati ujao huigeuza kuwa ahadi. Sentensi (b) hutaja mtenda, uwezo na sharti, mambo matatu ambayo mtumiaji anayahitaji.

5.0 Hitimisho

Yawezekana kudaiwa kwamba futa imekwisha kuenea mno kiasi cha kutoweza kubadilishwa. Dai hilo lina uzito. Pale ambapo kitenzi hicho kimekwisha kuwekwa katika vitufe vya programu, mwongozo ukihifadhi, lakini ueleze katika sentensi yake ya kwanza kwamba kilichofutwa kimehamishiwa ghalani. Kazi ya mwanaistilahi haiishii katika kupata neno linalolingana na la lugha chanzi. Humpasa kwanza achunguze kitendo chenyewe, ndipo alichague neno.