Maji ya Mvua

1. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe meusi. Mawe hayo yalitoka katika Nyiragongo, mlima wa moto. Mvua hunyesha sana huko, lakini mjini hakuna kijito. Sababu ni nini? Mawe yale yana matundu na nyufa nyingi. Mvua ikianguka, maji huzama chini mara moja.

2. Kwa hiyo watu wengi huteka maji katika ziwa Kivu. Mama na watoto huchukua bidoni mgongoni. Wengine huzipakia juu ya chukudu. Tena maji ya ziwa yasiyosafishwa huweza kuleta kolera. Mwezi wa Julai 1994 ugonjwa huo uliua maelfu ya wakimbizi karibu na Goma. Mwezi wa Mei 2021 moto wa Nyiragongo uliharibu mabomba, na watu wengi wakakosa maji.

3. Lakini maji mengine hupita juu ya nyumba yenyewe. Paa la mabati lenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 5 lina meta za mraba 40. Ikinyesha mvua ya milimeta 10, kila meta ya mraba hupata lita 10. Jumla ni karibu lita 400, yaani bidoni 20 za lita 20.

4. Baba hufunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa. Maji ya kwanza humwagwa, kwani yameosha mavumbi na mavi ya ndege. Yanayofuata hupita katika kitambaa safi na kuingia katika pipa. Pipa hufunikwa vizuri, mbu wasitage mayai ndani. Maji ya kunywa huchemshwa.

5. Hatari moja iko: moshi wa mlima. Ukielekea juu ya nyumba, mvua hushuka pamoja na floridi. Floridi ikizidi huharibu meno na mifupa, wala kuchemsha hakuiondoi. Maji hayo ni ya kufulia na kuosha sakafu, si ya kunywa.

6. Paa la shule ni kubwa kuliko la nyumba. Watu wa mtaa wakijenga tangi hapo pamoja, mtoto hatachelewa tena darasani kwa sababu ya bidoni.

Maulizo
1. Kwa nini hakuna kijito katika mji wa Goma?
2. Kwa nini maji ya kwanza humwagwa?
3. Paa la shule lina meta 20 kwa 8. Mvua ya milimeta 10 italeta lita ngapi?