GIABOKSI YA OTOMATIKI INAPOPATA JOTO KALI

Siku hizi pikapu nyingi tunazoziona Kahama, Katoro na Geita ni magari yaliyokwisha kutumika Japani. Baadhi yake hayana klachi. Ni ya otomatiki: dereva anakanyaga mafuta na breki tu, gia zinajibadili zenyewe. Watu wanayapenda kwa sababu hayachoshi mguu.

Jirani yangu mmoja aliuza ng'ombe akanunua pikapu ya namna hiyo. Akaanza kubeba mawe ya dhahabu kutoka maduarani mpaka kwenye makarasha. Kabla mvua za masika hazijakatika, gari likagoma. Injini inanguruma, magurudumu hayageuki. Akaitwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hebu litazame, limekuwaje?"

Fundi akachomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi, akaifuta kwa kitambaa cheupe. Oili hiyo ikiwa nzima huwa nyekundu. Hii ilikuwa nyeusi kama kahawa, tena inanuka moshi.

"Mzee, taa hii hapa haikuwaka?"

"Iliwaka. Nikaona maandishi ya Kizungu, nikadhani ni mambo ya redio."

Taa ile ina maandishi haya: A/T OIL TEMP. Maneno ni ya Kizungu, lakini herufi ni zilezile tulizojifunza darasani. Maana yake ni kwamba oili ya giaboksi imepata joto kupita kiasi. Si magari yote yenye taa hiyo, lakini kama gari lako linayo, yaandike maneno hayo katika daftari uyajue kwa sura.

Joto linatoka wapi?

Umepata kuvuta ndoo kisimani? Ukiishika kamba sawasawa, mkono haupati taabu. Kamba ikiteleza kiganjani, inaunguza. Giaboksi ya otomatiki nayo iko hivyo. Kati ya injini na gia kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, na ndani yake mna mapanga kama ya feni. Injini inazungusha mapanga ya upande mmoja, mapanga hayo yanasukuma oili, na oili inasukuma mapanga ya upande wa pili. Gari linaondoka. Lakini oili haishiki kama chuma. Inateleza kidogo, na kuteleza huko ndiko kunakoleta joto.

Gari likishika mwendo kwenye barabara nzuri, katika magari mengi klachi ndogo iliyomo ndani hufunga, mapanga ya pande zote mbili yakaenda pamoja. Joto linashuka. Gari likitambaa na mzigo kwenye matope au mlimani, klachi hiyo haifungi. Kwa hiyo usishangae kuona gari lililotoka Geita mpaka Mwanza kwa lami limepoa, na lile lililotambaa kilomita 5 kutoka machimboni linatoa harufu ya kuungua.

Kwa kawaida oili hiyo huwa na joto la nyuzi 80 hadi 95. Ikipita nyuzi 120 inaanza kuharibika upesi. Ikifika 150, klachi za ndani zinaungua na mipira ya kuzuia oili inakauka na kupasuka. Kina mama wanaokaanga maandazi wanalijua jambo hili: mafuta yakikaangiwa mara nyingi kwa moto mkali, yanageuka meusi na hayafai tena.

Mzigo

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Pikapu nyingi za kawaida zimetengenezwa kubeba karibu tani 1 au pungufu, yaani kilo 1,000 pamoja na watu. Pamba ikijaa mpaka juu inaonekana mzigo mkubwa, kumbe uzito wake si mwingi sana. Mawe yanadanganya macho. Jirani yangu alikuwa akipakia mifuko 32, kila mmoja kilo 50. Piga hesabu: 32 mara 50 ni kilo 1,600. Na bado vijana watatu wanapanda juu ya mawe!

Ukiwa na mzigo, usiiache gia kwenye D kila mahali. Kwenye mlima au matope weka 2 au L, ili gari livute kwa nguvu bila kuhangaika kubadili gia. Kama gari lako lina kitufe cha O/D, kizime ukiwa na mzigo mzito. Taa ya O/D OFF ikiwaka, usiogope. Inakuambia kwamba gia ya juu imefungwa. Ukinasa kwenye tope, usikanyage mafuta huku magurudumu yanazunguka bure, wala usirukeruke kutoka D kwenda R na kurudi kwa dakika nyingi. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kuichemsha oili kuliko safari nzima. Teremka, chimba, tia mawe na matawi chini ya magurudumu.

Taa ikiwaka njiani

Simama mahali salama. Weka P, vuta handibreki. Usizime injini mara moja. Watu wengi hukimbilia kuzima, lakini injini ikizimwa, pampu ya oili nayo inasimama, na oili haifiki tena kwenye rejeta kupozwa. Acha injini ingurume taratibu mpaka taa izimike. Ila kama maji ya injini yenyewe yanachemka, hapo zima, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Giaboksi usiimwagie maji baridi, inaweza kupasuka.

Ukifika nyumbani tazama rejeta. Vumbi jekundu, tope na mbegu za nyasi huziba matundu yake, hewa ikakosa njia. Ioshe ikiwa imepoa, kwa maji yasiyo na nguvu sana. Kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, basi maji ya rejeta yameingia ndani yake. Usiendeshe tena, mwite fundi. Oili ya kuongeza iwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari au kwenye stiki yenyewe. Usikubali "hii nayo inafaa tu". Na usijaze kupita alama, maana oili ikizidi inatoa povu na joto linaongezeka.

Neno moja kuhusu kuvutwa. Gari la otomatiki lisivutwe na trekta magurudumu yote yakiwa chini, kama tulivyozoea. Injini ikiwa imezimwa, pampu haipeleki oili, na vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Lipakieni juu ya lori, au fundi afungue kwanza shafti inayokwenda magurudumu ya nyuma. Kama lina shafti ya mbele pia, nayo ifunguliwe. Jirani yangu alivutwa kilomita 12. Fundi alipofungua giaboksi, alikuta hata gia ambazo moto haukuzigusa zimeliwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini injini isizimwe mara moja taa ya A/T OIL TEMP inapowaka?
2. Mfuko mmoja una kilo 50. Gari linabeba kilo 1,000, na dereva na utingo wana jumla ya kilo 150. Lipakiwe mifuko mingapi?
3. Katika kijiji chenu, nani ana gari la otomatiki? Mwombeni awaonyeshe herufi P, R, N, D, 2 na L, na stiki ya oili kama ipo.